Gesi ya Propani katika Nyumba ya Magurudumu: Kumbukumbu za Majira ya Baridi ya Dakota Kaskazini

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 8, 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, mtungi wa gesi wa kilo 6 umeacha kuwa bidhaa ya dukani tu na umekuwa pia zawadi, kwani hugawiwa kwa mama lishe na vikundi vya wajasiriamali katika mikutano ya hadhara, mara nyingi ukiwa na jiko lake juu. Hoja zinazotolewa katika mikutano hiyo ni za kweli na ni nzito: misitu inakatwa kwa ajili ya mkaa, na moshi wa kuni unaharibu mapafu ya kina mama na watoto. Hata hivyo, kuna jambo ambalo halipewi nafasi linayostahili, nalo ni lile analopaswa kulijua mtu anayeupeleka mtungi huo katika chumba kimoja cha kupanga, chenye dirisha moja, ambamo familia nzima inapika, inakula na kulala.

Elimu ya namna hiyo mwandishi wa makala haya aliipata mbali na nyumbani, katika nyumba ya magurudumu, yaani trela la kuishi linalovutwa na gari, ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na bafu katika eneo lisilozidi lile la chumba na sebule. Nchini Marekani matrela hayo hutengenezwa kwa ajili ya matembezi ya likizo wakati wa joto, lakini katika majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 watu wengi waliyageuza makazi ya kudumu kuzunguka mji wa Williston, magharibi mwa jimbo la Dakota Kaskazini, ambako uchimbaji wa mafuta katika miamba ya Bakken ulikuwa umeleta kazi nyingi kuliko vitanda. Mwandishi, ambaye wakati huo aliendesha lori la kubeba maji ya visima vya mafuta, alikodi trela la aina hiyo katika kambi moja nje ya mji, akiwa na majirani kutoka Texas, Idaho, Sudan na Kongo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuishi na gesi ndani ya nyumba ndogo kiasi hicho, tena katika baridi kali kiasi hicho.

Katika trela la kawaida gesi hufanya kazi nne, kwa maana hupikia chakula, huchemsha maji ya kuoga, hupasha nyumba joto na, jambo linalowashangaza wengi, huendesha jokofu. Jokofu hilo halina mota. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke wa amonia hupanda na kugeuka kimiminika, kisha unaporejea kuwa mvuke hufyonza joto la chumba cha chakula, mfumo uliobuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi wa uhandisi. Kwa kuwa kimiminika hicho husafiri kwa uzito wake tu, trela lililoegeshwa likiwa limeinama huwa na jokofu linalokula gesi bila kupoza, na ndiyo maana wakazi wazoefu huweka kipima usawa sakafuni kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Gesi yenyewe ni propani, ambayo huhifadhiwa ikiwa kimiminika ndani ya mtungi na huchemka katika nyuzijoto 42 chini ya sifuri, ikitanuka takribani mara 270 inapogeuka kuwa mvuke. Mvuke huo una uzito wa mara moja na nusu ya ule wa hewa, kwa hiyo unapovuja haupandi darini bali hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini. Huwaka pale tu unapofikia kati ya asilimia 2.1 na 9.5 ya hewa ya chumba, na kiwango hicho, ambacho kwa kukitaja tu huonekana kidogo, kinaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu: katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu, propani isiyofika kilo moja inatosha kukijaza chumba kizima hadi kiwango cha kulipuka, na kwa kuwa gesi hukaa chini badala ya kuenea sawasawa, hatari huanza mapema zaidi ya hapo. Mtungi mdogo kabisa unaouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani, kwa hiyo, unabeba gesi ya kukilipua chumba cha kupanga zaidi ya mara moja.

Waandishi wa kanuni za matrela walilijua hilo. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 1192, inayohusu utengenezaji wa nyumba za magurudumu, hutaka viwepo king'ora cha gesi, king'ora cha kaboni monoksaidi na kizimamoto, nayo mitungi hukaa nje ya eneo la kuishi. Katika trela alilokodi mwandishi mitungi ilikuwa miwili, kila mmoja wa ratili 30, yaani karibu kilo 14, ikiwa imefungwa nje juu ya mkono wa kuvutia trela, na kati ya mitungi hiyo na mabomba ya ndani palikuwa na regulata, kifaa kinachoupunguza mgandamizo wa gesi kwa hatua mbili, kutoka zaidi ya bari 7 katika siku ya joto la kawaida hadi milibari 28 hivi, kiwango ambacho jiko na hita vimetengenezwa kukipokea. King'ora cha gesi kilikuwa karibu na sakafu na kile cha kaboni monoksaidi kilikuwa juu zaidi, mpangilio ambao mgeni anaweza kuudhania wa bahati nasibu mpaka aelezwe uzito wa gesi.

Aliyekuwa akiwaeleza wageni alikuwa mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, ambaye kila mpangaji mpya alimtembelea akiwa na chupa ya maji ya sabuni na tochi. Angeifungua valvu ya mtungi polepole, kwa sababu ndani ya kiungo kuna kizuizi kinachojifunga gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, na mtu anayefungua kwa pupa hujikuta na moto hafifu akidhani mtungi umekwisha. Kisha angenyunyizia sabuni kila kiungo, kuanzia shingo ya mtungi mpaka nyuma ya jiko, na kuangaza tochi kwa subira. Katika trela la mwandishi kiungo kimoja cha bomba la shaba, nyuma ya droo ya vijiko, kilitoa kipovu kimoja kilichokua polepole, kikapasuka, kikaanza tena. Hapakuwa na harufu yoyote. Mzee alikaza nati kwa spana mbili, moja ya kushikilia na nyingine ya kuzungusha ili bomba lisipinde, akanyunyizia tena, na safari hii sabuni ikatulia. Halafu alikichomoa king'ora cha gesi ukutani na kukigeuza nyuma kusoma tarehe, kwani kihisio chake huchoka baada ya miaka kati ya 5 na 7, na taa ya kijani inaweza kuendelea kuwaka mbele ya kifaa kisichonusa tena chochote.

Tukio hilo dogo lina mafunzo makubwa kuhusu harufu. Propani safi haina harufu, na ile inayonukia gesi ni kemikali iitwayo ethili merkaptani, inayochanganywa kwa makusudi. Desturi hiyo ilienea baada ya maafa ya Machi 18, 1937, katika shule ya New London, Texas, ambako gesi asilia isiyo na harufu ilijikusanya chini ya jengo na kulipuka, ikaua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Ni kinga iliyookoa maisha ya watu wengi sana, lakini haimtoshi mtu aliyelala, mwenye mafua, au aliyekaa na harufu hiyo kwa muda mrefu mpaka pua yake ikaizoea, na kwa sababu hiyo maji ya sabuni, ambayo hayana gharama, yanapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya gesi sawa na mpira na regulata.

Baridi ilipokomaa mwezi Januari, kambi ilipata somo la pili. Usiku mmoja kipimajoto kilishuka hadi nyuzijoto 33 chini ya sifuri, na mgandamizo ndani ya mitungi, ambao hutegemea joto la kimiminika, ukawa umebaki karibu nusu bari tu. Zaidi ya hapo, kila gesi inapochemka huchukua joto kutoka kwenye kimiminika kilichobaki, hivyo mtungi unaotumika sana huwa wa baridi kuliko hewa inayouzunguka, na hita ikaanza kuwaka na kuzimika katika trela moja baada ya jingine. Kijana mmoja kutoka jimbo la kusini alitoka nje na tochi ya kuchomelea mabomba akitaka kuupasha mtungi wake moto. Mzee alimfikia kabla hajaiwasha, akamshika mkono bila kupaza sauti, na palepale kwenye theluji akamweleza kwamba chuma cha sehemu ya juu ya mtungi, ambayo haina kimiminika cha kuupokea ule moto, hulainika kabla valvu ya usalama, inayofunguka katika bari 26 hivi, haijapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Alichowafundisha badala yake kilikuwa cha kawaida kabisa. Mtungi uliojaa hutoa gesi vizuri kuliko ulio karibu kwisha, kwa kuwa kimiminika kingi hugusa eneo kubwa la chuma na kupokea joto jingi la hewa. Kuufunika kwa blanketi hakusaidii, kwani hata hewa ya nyuzijoto 33 chini ya sifuri ina joto kuliko propani inayochemka, na blanketi huizuia hewa hiyo isiufikie mtungi. Theluji ipanguswe, hasa kwenye tundu la kupumulia la regulata, ambalo likizibwa na barafu mgandamizo wa ndani unaweza kupanda au kushuka bila mpango. Na hita ya maji izimwe wakati hita ya nyumba inafanya kazi, ili mtungi usiombwe zaidi ya uwezo wake.

Somo la tatu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, nalo lilitokana na bei. Vuli ya 2013 ilikuwa ya mvua katika majimbo ya kilimo ya katikati ya Marekani, mahindi yakavunwa yakiwa mabichi, na propani nyingi ikatumika kuyakausha, kiasi kwamba baridi kali ilipoingia akiba ilikuwa ndogo, na mwishoni mwa Januari 2014 bei ya rejareja katika ukanda huo ilivuka dola 4 kwa galoni, ambayo ni lita 3.8. Wakati huohuo, visima vya Bakken vilikuwa vikichoma hewani karibu theluthi moja ya gesi iliyotoka pamoja na mafuta, kwa sababu mabomba ya kuikusanya hayakuwa yamejengwa kwa kasi ya uchimbaji. Gesi hiyo ilikuwa na propani ndani yake. Wafanyakazi waliotoka kazini wakipita kando ya ndimi za moto zilizomulika anga usiku kucha waliingia katika matrela yao na kuanza kuhesabu ratili, na mpaka leo mwandishi haoni maelezo yoyote ya kiuchumi yanayoweza kuuhalalisha ufujaji huo mbele ya watu waliokuwa wakitetemeka chini yake.

Hita ya trela hutumia karibu kilo 0.6 za propani kwa kila saa inayowaka, wakati plate moja ya jiko hutumia takribani robo ya hiyo. Jirani wa Kikongo, kijana wa Bukavu ambaye alituma sehemu kubwa ya mshahara wake nyumbani, aliizima hita na kuwasha plate moja usiku kucha, akaziba tundu la paa kwa mto na kingo za madirisha kwa utepe. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, kwani kwa macho ya mtu anayetazama mtungi peke yake alikuwa anaokoa robo tatu ya gesi. Baada ya siku kadhaa alimwambia mwandishi kwa Kiswahili cha kwao, "Ndugu, kichwa inaniuma kila asubuhi, nikifika kazini inaisha." Mwandishi aliyapeleka maneno hayo kwa mzee, kwa Kiingereza, kama habari tu ya jirani mgonjwa, lakini mzee alivaa koti kabla sentensi haijaisha, kwa kuwa maumivu yanayoisha mtu anapotoka nyumbani kwake ni dalili ya nyumba, si ya kichwa.

Ndani ya trela hilo madirisha yalikuwa yameota barafu upande wa ndani, nene kiasi cha kidole, na godoro lilikuwa limelowa upande wa chini. Maji hayo yalitoka kwenye moto wenyewe, kwani kila kilo ya propani inayoungua huzaa takribani kilo 1.6 za maji yakiwa mvuke, na mvuke usiopata njia ya kutoka huganda kwenye ukuta wa baridi. Moto wa jiko, ambao unapaswa kuwa wa buluu, ulikuwa na ncha za njano zilizopepea. Njano hiyo maana yake ni kwamba gesi haipati oksijeni ya kutosha na inaungua nusunusu, hivyo badala ya kaboni dayoksaidi peke yake inazalisha pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na kumnyima mtu pumzi akiwa bado anapumua. King'ora cha kaboni monoksaidi kilikuwa juu ya meza kikiwa hakina betri, kwa sababu, kama mwenyewe alivyoeleza, kilikuwa kikilia usiku na kumzuia kulala. Kijana huyo alipelekwa hospitali, akapewa oksijeni, na akapona.

Kuna ukweli unaorudiwa na wataalamu wa gesi kwamba usalama na ubanaji wa matumizi huenda pamoja, na kwa sehemu kubwa ni ukweli: kiungo kinachovuja kinapoteza fedha na kuleta hatari kwa wakati mmoja, moto wa njano hupoteza joto na kutia masizi kwenye sufuria huku ukitoa sumu, na sufuria iliyofunikwa hupunguza gesi na mvuke kwa pamoja. Lakini mambo hayo mawili huachana kwenye suala la hewa. Dirisha lililofunguliwa kidogo linapoteza joto, na joto ni fedha, na mtu maskini au mwenye majukumu mazito nyumbani, akiachiwa achague mwenyewe saa nane usiku, atalifunga. Kumlaumu ni kukosa huruma na pia ni kukosa akili, kwa sababu lawama haimpatii joto. Kilichoisaidia kambi ile kilikuwa kupunguza hitaji lenyewe la joto: mbao nyepesi za povu gumu zilizungushwa kwenye sehemu ya chini ya matrela ili upepo usipite chini ya sakafu, karatasi za plastiki zikawambwa kwenye vioo, na watu wakarudi kwenye hita ya trela, ambayo huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi wake nje, hivyo haigusi hewa ya mwenye nyumba. Waliotaka kuepuka gesi kabisa kwa kutumia vihita vya umeme waligundua jambo jingine, kwamba hita ya gesi ndiyo iliyokuwa ikipeleka joto pia kwenye mabomba ya maji chini ya sakafu, na ilipozimwa mabomba yaliganda na kupasuka.

Suala la kipimo nalo lilijitokeza wakati huo wa bei kubwa. Maduka mengi hubadilishana mtungi mtupu kwa uliojazwa, na mtungi uitwao wa ratili 20 mara nyingi huwa na ratili 15 tu za gesi, jambo linaloandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, kwa hiyo wakazi waliokuwa na mizani walipendelea vituo vya kujazia. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye kola yake, na kuutoa katika uzito wote ndiyo njia ya uhakika ya kujua kilichomo. Kuutikisa mtungi hakumwambii mtu kitu. Vituo hivyo havijazi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu kimiminika hutanuka kwa joto na lazima kiachiwe nafasi, na tangu Aprili 1, 2002, mitungi midogo ya Marekani hairuhusiwi kujazwa kama haina kizuizi cha ndani kinachosimamisha ujazaji kufikia kiwango hicho. Hapo sheria haikutegemea uangalifu wa mjazaji aliyechoka mwisho wa siku, bali iliuweka uangalifu huo ndani ya valvu.

Theluji ilipoyeyuka mwandishi alilivuta trela kuelekea mashariki mwa nchi, na safari ilifunza machache ya ziada. Valvu za mitungi hufungwa kabla ya kuondoka, kwani bomba likikatika katika ajali moto wa jokofu unatosha kuwasha gesi yote, na hakuna moto unaopaswa kuwaka trela linapoingia kituo cha mafuta. Chakula hubaki na ubaridi kwa saa nyingi mlango wa jokofu usipofunguliwa. Buibui na nyigu hujenga ndani ya vichomeo vya hita vilivyokaa bila kutumika, na utando mwembamba tu unatosha kuugeuza moto wa buluu kuwa wa njano. Jijini Baltimore mahandaki ya barabara hayaruhusu mitungi ya ukubwa ule, na njia mbadala ilikuwa daraja la Francis Scott Key, lililoanguka Machi 26, 2024, baada ya kugongwa na meli na kuua wafanyakazi sita waliokuwa wakilikarabati, hivyo sasa wenye matrela hulazimika kuzunguka mji kwa upande wa magharibi.

Kwa Tanzania si kila kitu cha Dakota kinahamishika. Gesi inayouzwa hapa ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huchemka karibu na nyuzijoto sifuri, jambo lisilo na athari Dar es Salaam lakini lenye athari Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Propani ndiyo hutangulia kutoka, butani hubaki mwishoni, na mtungi wenye kimiminika bado ndani hutoa moto mnyonge kana kwamba umekwisha, kisha muuzaji husingiziwa wizi. Jua la mchana likiupasha mtungi kidogo gesi hurudi, na hakuna sababu yoyote ya kuusogeza karibu na jiko la mkaa.

Kinachohamishika kikamilifu ni ule udogo wa nyumba. Familia ya Mbagala haifungi dirisha kwa sababu ya theluji, bali kwa sababu ya mbu na wezi, na matokeo kwa hewa ya ndani ni yaleyale. Mtungi hauko nje juu ya mkono wa trela bali uko miguuni mwa kitanda, na jiko linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, ambalo kweli halina mpira wa kuvuja, halina pia regulata, na hubeba juu ya shingo ya valvu uzito wa sufuria na nguvu zote za mkono unaosonga ugali. Mtu anayeutazama mtungi ukiyumba wakati wa kusonga, huku mtoto ameketi kando yake akisubiri chakula, hahitaji takwimu ili aone kwamba jiko hilo linapaswa kushuka chini, liunganishwe kwa mpira na regulata, na mtungi uhamie nje ya mlango ukiwa ndani ya kizimba chenye kufuli.

Nako kujaza mitungi kienyeji, kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo bila mizani wala kizuizi cha asilimia 80, hakupaswi kuchukuliwa kama ujanja wa kutafuta riziki. Usiku wa Februari 1, 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, gesi ililipuka katika eneo la kujazia lililokuwa katikati ya makazi bila kibali cha mamlaka ya nishati, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao wala hawakuwa wamenunua gesi hiyo.

Wanaogawa mitungi wangeweza kufanya kile mzee wa Williston alichokifanya bila malipo: kuufunga mtungi mbele ya mpokeaji, kunyunyizia sabuni, kumwonyesha moto wa buluu na wa njano, na kumweleza kwamba akinusa gesi asiwashe wala kuzima taa, bali afunge valvu, afungue mlango na kutoka. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Zaidi yao, wapo wenye nyumba, ambao hawatajwi katika mijadala ya nishati safi ingawa ndio wanaoamua hewa ya wapangaji wao. Tofali moja lenye matundu likiwekwa usawa wa sakafu huiachia gesi nzito njia ya kutoka hata mpangaji akiwa amelala, jingine likiwekwa chini ya dari huondoa joto na hewa chafu ya jiko, na wavu juu ya matundu yote mawili humzuia mbu. Halmashauri zinazopitisha ramani za vyumba vya kupanga zinaweza kuyadai matofali hayo mawili kuanzia ramani itakayofika mezani kesho.